Jinsi ya kukamata matobo kwenye riwaya kubwa bila kujiaibisha (mfano wetu ni Frankenstein)

Kuna watu wakisikia kitabu ni klasiki wanafunga mdomo, kila kitu kwao ni ustadi wa mwandishi, na kuna wengine wakisoma sura mbili tu tayari wameshaandika "ploti mbovu, haiingii akilini". Mi nawaandikia wale wa katikati, yani mtu anaetaka kusema riwaya hii ina udhaifu hapa na hapa, na akibanwa aweze kufungua kurasa akaonesha.

Natumia Frankenstein ya Mary Shelley, riwaya ya kijana Victor Frankenstein anaeunda kiumbe na kukipa uhai alafu anakikimbia, kwa sababu kila mtu anadhani anaijua, sio ndefu, haina hakimiliki tena so unaipata bure Project Gutenberg (maktaba ya mtandaoni), alafu ina matobo, yani sehemu ambazo hadithi haishikani, ya kila saizi, toka yale ya kuchekesha tu mpaka yale unajiuliza hivi huyu mhariri alikuwa wapi. Mary aliianza 1816 akiwa na miaka 18, ule mwaka ambao kiangazi cha Ulaya hakikufika (volkano ya Tambora kule Indonesia ililipuka 1815 ikaharibu hali ya hewa mbali kabisa), mvua haikatiki pembeni ya Ziwa Geneva, yeye na Percy Shelley wapo na Lord Byron, wakapeana changamoto kila mtu atunge hadithi ya kutisha. Kitabu kikatoka Januari 1818 bila jina la mwandishi, nakala 500. Alafu 1831 akatoa toleo lingine alilolirekebisha kwa mkono wake. Hiyo 1831 iweke akilini, tutairudia.

Hakikisha unakosoa kitabu na sio sinema

Inaonekana ya kitoto ila ndo inayoaibisha wengi. Muulize mtu udhaifu wa Frankenstein atakwambia "sasa radi inafufuaje maiti?" Haya, nenda kwenye ule usiku wa Novemba kiumbe anapofungua macho, itafute hiyo radi. Haipo. Victor anagusia vyombo na cheche ya uhai basi, na anamwambia Walton (nahodha anaemsimulia hadithi yake) waziwazi kwamba siri yenyewe hataitoa. Ile maabara ya mitambo na radi ni ya sinema ya 1931, ile aliyocheza Boris Karloff, na yule msaidizi mwenye kibyongo nae ni wa sinema, kwenye kitabu Victor anafanya kazi peke yake chumba cha juu kule Ingolstadt. Na Frankenstein ni jina la mtengenezaji, kiumbe mwenyewe anamaliza kitabu hana jina.

Kwaiyo kila lalamiko ulilonalo liandikie namba ya sura pembeni. Likikosa sura, lifute. Na soma kurasa mbili mbele kabla hujashangilia, maana kuna tobo linazibwa hapohapo. Kwenye Robinson Crusoe watu wamecheka miaka na miaka kwamba jamaa anavua nguo, anaogelea mpaka kwenye meli iliyokwama, alafu akifika anajaza biskuti mifukoni. Mifuko gani sasa uko uchi? Ukisoma kidogo mbele mwenyewe anasema aliogelea na suruali yake ya kitani na soksi. Imechelewa kusemwa, hilo ni kosa la mpangilio, lakini sio tobo.

Jua nani anaongea kabla hujamlaumu mwandishi

Hapa tukae kidogo kwa sababu ndo pananitenganisha mimi na wakosoaji wengi. Frankenstein yote ni barua. Walton, Mwingereza anaetafuta njia ya Ncha ya Kaskazini, anamwandikia dada yake Margaret. Ndani ya barua kuna hadithi ya Victor aliyeokotwa kwenye barafu, ndani ya hadithi ya Victor kuna hadithi ya kiumbe, na ndani ya hadithi ya kiumbe kuna habari za De Lacey, familia ambayo kiumbe alijificha pembeni ya nyumba yao akiwachungulia. Waliokulia na Alfu Lela Ulela hawashtuki na hadithi kuzaa hadithi, ila kule hakuna anaejifanya anatoa ushahidi, huku wanajifanya. Kiumbe anasema kabisa ana nakala za barua za Safie na Felix (Felix ni kijana wa De Lacey, Safie mpenzi wake) kuthibitisha maneno yake, na Walton anasema alioneshwa.

Sasa kuna kasehemu kadogo mwishoni watu wanakaruka. Walton anasema Victor aligundua kuwa anaandika kumbukumbu za mazungumzo yao, akaomba azione, akazisahihisha na kuziongezea mwenyewe sehemu nyingi. Ase. Yani yule anaesimulia jinsi alivyosababisha vifo vya watu wake ndo huyohuyo kapitisha kalamu kwenye maandishi kabla hayajaenda kwa Margaret. Mwamba ngoma ngozi huvutia kwake. Ukishajua hilo, kitabu kinabadilika, kwa sababu sehemu nyingi ulizokuwa unasema "haiwezekani mtu akafanya hivi" zinageuka kuwa "huyu bwana anajitetea".

Kwenye uhakiki wa shuleni Tanzania kuna kile kipengele cha mwisho, kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi, na wanafunzi wanamtwisha mwandishi kila kitu humo, mhusika akiwa mjinga kosa la mwandishi, msimulizi akidanganya kosa la mwandishi. Usifanye hivo. Ukikuta kitu hakikai sawa muhoji kwanza mhusika (labda ni mpumbavu au kapofuka na mapenzi, hasira, kiburi), akipona muhoji msimulizi (labda anaficha), wote wakipona ndo unakwenda kumgongea mwandishi mlango. Mpangilio huo ukiufata utashangaa matobo mangapi yanajifuta, na yale yanayobaki yanakuwa matamu kwa sababu hayana pa kujificha.

Mfano wa haraka, sauti. Walton, Victor na kiumbe wote wanaongea sawasawa, sentensi ndefu, machozi, milima, ole wangu. Unaweza kusema bana ni sababu Victor ndo anaetuletea maneno ya kiumbe so anayatia sauti yake. Sawa, lakini mwisho wa kitabu Victor ameshakufa, kiumbe anaingia kwenye chumba cha melini na anaongea na Walton uso kwa uso, na bado anaongea vilevile. Kwaiyo Victor yumo nje ya lawama. Labda Walton ndo anaewapaka wote rangi moja, ila hakuna dalili yoyote kitabuni kwamba tunatakiwa tumtilie shaka Walton kwa hilo. Basi huo udhaifu ni wa Mary Shelley, hakuwapa watu wake midomo tofauti. Na hapohapo jiulize lugha. Kiumbe alijifunza Kifaransa kwa De Lacey, Walton ni Mwingereza ambae kwenye barua zake anajutia kuchelewa kuona umuhimu wa kujua lugha za watu. Walielewanaje? Hakuna neno hata moja.

Tobo kubwa kuliko yote: safari ya Ireland

Nikitaka kumuonesha mtu tobo halisi linafananaje nampeleka hapa. Victor yuko kwenye kisiwa cha Orkney, kaskazini kabisa ya Uskoti, anamtengenezea kiumbe mke kama kiumbe alivyomdai. Rafiki yake Clerval kamuacha huko chini, Perth. Victor anabadili mawazo, anamchanachana yule mwanamke kabla hajamaliza, kiumbe anashuhudia dirishani, anatoa kitisho chake maarufu kwamba nitakuwa nawe usiku wa harusi yako, anapanda boti anaondoka. Siku inayofata inakuja barua ya Clerval, njoo Perth tuondoke wote kuelekea kusini. Victor anajipa siku mbili. Anafungasha, usiku kwenye saa nane saa tisa hivi anatoka na mashua ndogo kwenda kutupa mabaki baharini, anasinzia humo, anaamka upepo umemsukuma nje. Kiu, hofu, anakata nguo yake anaifanya tanga, mwisho anaona nchi kavu. Anashuka. Watu wanamkamata. Pale alipofika, ni Ireland, na usiku uliopita pameokotwa maiti ya kijana aliyenyongwa, mwili haujapoa. Ni Clerval.

Sasa usirukie kusema "sadfa!" ukaishia hapo. Kila mtu anaona hiyo sadfa. Kazi yako ni kuhesabu. Kutoka Orkney mpaka pwani ya kaskazini ya Ireland ni zaidi ya kilomita 400 hata ukipiga mstari wa moja kwa moja, na baharini huendi moja kwa moja maana kona ya juu ya Uskoti lazima uizunguke. Alichukua muda gani? Hapa ndo pazuri, kitabu chenyewe kinatupa jibu bila kujua. Victor anaachiwa kwa sababu imethibitishwa kwamba saa ile mwili unaokotwa yeye alikuwa bado Orkney. Mwili uliokotwa kwenye saa nne usiku. Victor akaondoka kisiwani usiku uleule saa nane au tisa, na aliposhuka Ireland wanamwambia maiti iliokotwa "jana usiku". Kwaiyo kakata hizo kilomita 400 na ushee ndani ya siku moja isiyotimia, kwenye kimashua, sehemu ya safari akiwa amelala, kwa tanga la nguo. Ushahidi uliomtoa jela ndo huohuo unaosema safari haikuwezekana.

Na bado hatujamuuliza Clerval. Alikuwa Perth anaandika barua za kwenda kusini, kafikaje pwani ya Ireland ndani ya siku mbili tatu, nani kampeleka, kwa nini alikubali? Na kiumbe alijuaje upepo utamshusha Victor palepale? Zile sura umekaa nazo zinakueleza kila gofu la ngome pembeni ya mto Rhine na kila mtaa wa Oxford, ila hili haligusi kabisa. Angalia hiyo alama popote usomapo, pale mwandishi anapoanza kukimbia wakati alikuwa anatembea polepole. Linganisha na kiumbe alivyojifunza kuongea na kusoma kwa kuchungulia kwenye ufa wa ukuta, hilo nalo gumu kuamini, ila Mary kaliandikia sura nzima nzima, kaleta Safie mgeni anaefundishwa lugha ili kiumbe nae afaidike, kaleta begi la ngozi lenye Paradise Lost na vitabu vingine. Anajua tutauliza so anajibu. Ireland hajibu, anapita mbio.

Haya muhoji msimulizi sasa. Victor anaweza kuwa anadanganya? Ukitaka kwenda mbali unaweza kusema labda Victor mwenyewe ndo kamuua Clerval na safari yote ni uongo, na kuna raha yake kufikiria hivyo usiku, ila kitabu hakikupi uzi wa kushika, na kiumbe mwenyewe mbele ya Walton anamlilia Clerval kama mtu aliyemuua. Kwaiyo msimulizi anapona. Ni mwandishi.

Lakini usimalize hapo pia, uliza tobo limenunua nini. Hakuna mwandishi anaeacha shimo la saizi hiyo bure. Mary alimtaka Victor akae mahabusu akituhumiwa kuua mtu asiyemuua, kama Justine. Justine yule msichana wa kazi aliyenyongwa Geneva kwa kifo cha mdogo wake Victor, kipicha cha mama kilikutwa kwenye nguo zake, Victor anajua kabisa hajaua na akaificha siri ya kiumbe. Sasa zamu yake. Na angalia tofauti, Justine majaji hawakumuonea huruma, akanyongwa, Victor kapata hakimu mpole, bwana Kirwin, aliyemtafutia daktari na kumwandikia baba yake aje. Hayo yote ni mazuri, pengine ndo sehemu kali kuliko zote kwenye kitabu kuhusu haki ya wenye nazo na wasio nazo. Kwaiyo hukumu yangu ni kwamba tobo ni baya, kilichonunuliwa ni kizuri, na bei ilikuwa kubwa mno wakati angeweza kumuulia Clerval palepale Perth na Victor akakutwa karibu. Ukiandika uhakiki wa namna hiyo hakuna atakaekwambia unachukia klasiki.

Sadfa usizihesabu zote sawa

Kuna sadfa nusu. Kiumbe kukutana na mtoto William, yule mdogo wake Victor aliyeuawa, kule Geneva watu wanaipigia kelele, ila soma, kiumbe kwenye mfuko wa nguo alizochukua maabara kakuta shajara ya Victor, humo kajua kwao ni Geneva, akaenda makusudi. (Kiumbe ana futi 8, hizo nguo za Victor zilimuingiaje? Basi tuache.) Mji hauna sadfa, mtoto ndo ana sadfa, kati ya watoto wote akamshika yule ambae anajitangaza mwenyewe baba yangu ni Frankenstein. Hiyo ni nusu, na naisamehe. Alafu Victor anarudi nyumbani, usiku wa radi, anapita palepale mtoto alipouawa na radi inammulikia kiumbe. Hapo napo kumbe radi ipo, ila kazi yake ni taa. Vitabu vitatu kwenye begi porini Ujerumani, vyote kwa lugha ileile anayoijua? Kiumbe mwenyewe anasema kwa bahati. Ukikuta msimulizi anasema "kwa bahati", weka penseli.

Ujinga wa mhusika sio tobo, ila unaweza kuua taharuki

Usiku wa harusi. Kiumbe kasema nitakuwa nawe usiku wa harusi yako. Huyu Victor ametoka kumharibia kiumbe bibi harusi wake, kiumbe ameshaua mdogo mtu na rafiki, mtoto wa darasa la tano anajua anaefata ni Elizabeth, mchumba wake Victor. Victor anaamini atauawa yeye. Anabeba bastola, anamwambia mkewe nenda kapumzike, anazungukazunguka kwenye korido za ile nyumba ya wageni Evian mpaka anasikia ukelele.

Watu wanaita hilo tobo. Sikubali, kwa sababu Victor toka ukurasa wa kwanza hajawahi kufikiria kitu ambacho yeye sio katikati yake. Kiumbe alipofufuka alimkimbia sababu sura ni mbaya, asubuhi akakuta kaondoka akafurahi, hakumtafuta hata siku moja, akaugua, akapona, akaenda kutembea vijijini na Clerval. Mtu wa namna hiyo lazima adhani kitisho ni chake. Mhusika anafanana na yeye mwenyewe, ploti imepona.

Lakini kuna udhaifu mwingine hapo ambao ni wa kweli. Msomaji kajua mapema sana. Toka kitisho kinatoka mpaka Elizabeth anakufa kuna kurasa nyingi, barua, safari, homa, na muda wote huo sisi tunajua na Victor hajui, na hakuna kinachotutia wasiwasi kwamba labda tumekosea. Walimu wa fasihi wataiita kinaya, na ni kinaya kweli, ila kinaya kikivutwa hivyo taharuki inakufa, unabaki kusubiri. Tofautisha "hii haiwezekani" na "hii inachosha", ni magonjwa mawili.

Vilevile na lile swali wanalolipenda wote, kama Victor aliogopa watazaa kizazi cha mashetani si angemtengeneza mwanamke asiezaa? Swali zuri, na kitabu hakilijibu. Ila rudia ile sehemu, watoto ni sababu mojawapo tu, ana hofu pia kwamba mwanamke huyo hajala kiapo chochote na anaweza kugoma, au wakachukiana. Ukizitaja sababu zote tobo linapungua ukubwa. Usichague ile moja inayokufaa ukaacha nyingine.

Tengeneza orodha ya majina

Kazi ya boring lakini inalipa. Kila mtu anapotajwa mara ya kwanza muandike, mara ya mwisho muandike, na nini kimempata. Ukifanya hivyo na Frankenstein utamkuta Ernest.

Ernest ni mdogo wake Victor, mkubwa kwa William. Ndo anaempokea Victor nyumbani baada ya msiba wa kwanza. Elizabeth akiuawa Victor anasema baba na Ernest bado wapo hai. Baba anakufa kwa majonzi. Ernest je? Hakuna. Victor anaenda makaburini anawataja William, Elizabeth na baba, anaapa, anaanza kumfukuza kiumbe mpaka kwenye barafu, anamsimulia Walton kama mtu aliyebaki peke yake duniani, na hakuna mahali anasema ana mdogo wake wa kiume kamuacha Geneva. Hakuuawa, hakuhama, hakuoa, kayeyuka tu.

Muhoji msimulizi. Hapa binafsi nasita kidogo, maana kusahau mdogo wako aliye hai ili ujiite yatima wa dunia nzima ni kitu ambacho Victor anakiweza vizuri sana. Lakini ili iwe ya makusudi mwandishi angetuachia alama moja, Walton aulize, barua ifike, chochote. Hakuna. Nadhani Mary alimsahau, na usahaulifu wake kwa bahati ukaangukia kwenye tabia ya mhusika. Unaruhusiwa kusema hivyo, sema tu kwamba ni dhana yako.

Kalenda, kama una muda wa kupoteza

Kitabu kinaficha mwaka, kinaandika 17 na mstari. Ila siku kinazitaja. Walton anasema Jumatatu tarehe 31 Julai waliona kitu cha ajabu kwenye barafu. Barua ya baba inasema Alhamisi tarehe 7 Mei walienda kutembea, ndo siku William kafa. Chukua simu, fungua kalenda ya zamani. Mwaka wa mwisho wa karne hiyo ambao 31 Julai ni Jumatatu ni 1797. Alhamisi 7 Mei ya karibu yake ni 1795. Inaonekana safi, sasa jaribu kupanga matukio. William anakufa Mei 1795, safari ya Uingereza inaanza mwaka huohuo, Orkney, Ireland, jela, na barua ya Elizabeth ya kuuliza kama ndoa ipo inaandikwa 18 Mei, ambayo itakuwa 1797. Kwaiyo harusi, kifo cha Elizabeth, kifo cha baba, Victor kufungiwa kama chizi miezi kadhaa, alafu kumfukuza kiumbe kupitia Bahari Nyeusi na Urusi yote, vyote viingie kati ya mwisho wa Mei na 31 Julai. Haiwezekani. Ukirudi nyuma, 1772 kwa kifo cha William na 1775 kwa ile Jumatatu ya barafu zinakubaliana vizuri, ila sasa Victor na Walton wote wanataja shairi la Coleridge la baharia mzee, na lile lilichapishwa 1798. Ukipona huku unaumia kule.

Sasa hilo ni tobo la uzito gani? Uzito wa unyoya. Nimeliweka kwa sababu ni raha na kwa sababu linafundisha kutofautisha, hakuna msomaji aliyewahi kufunga kitabu kwa sababu ya Jumatatu. Liandike kwenye sentensi moja ya mwisho, usilifungulie nalo uhakiki wako kama wanavyofanya wajuaji.

Linganisha matoleo

Tulisema 1831. Mary alikuwa na miaka 13 ya kusikia watu wanasema nini, alafu akakaa akakirekebisha. Toleo la kwanza Elizabeth ni binamu yake Victor, la 1831 ni yatima aliyechukuliwa na familia kule Italia, undugu wa damu umeondolewa. Kaandika na utangulizi. Ireland? Haijaguswa. Ernest? Vilevile. Hiyo inakwambia ni kitu gani kilimsumbua mwandishi, undugu wa wachumba ulimsumbua, kilomita 400 hazikumsumbua. Popote ukipata riwaya yenye matoleo mawili fanya hivi, utajua lipi alilijua na lipi hakuliona au aliliona akasema liwalo na liwe.

Unapokaa kuandika

Chagua matobo mawili au matatu, sio kumi na tano, orodha ndefu inaonesha ulikuwa unawinda. Kila moja sema linatokea wapi, kwa nini mhusika hawezi kulijibu, kwa nini msimulizi hawezi, alafu limenunua nini. Neno "haiingii akilini" lifute kila ukiliona kwenye rasimu yako, badala yake weka kitu kinachopimika, umbali, saa, nani alikuwa wapi. Na taja kitu kimoja ambacho ulidhani ni tobo ukakuta sio, wasomaji wanakuamini zaidi wakiona umejikatalia mwenyewe.

Kama unataka zoezi, chukua mwisho wa kitabu. Kiumbe anamwambia Walton anaenda kwenye ncha kabisa ya dunia, atakusanya kuni zake ajichome mpaka awe majivu. Watu wanacheka, kule ni barafu tupu kuni zinatoka wapi. Pitisha kwenye njia yetu. Nani anasema? Kiumbe. Ana sababu ya kusema hivyo? Ana nahodha mbele yake na mabaharia wake juu, na anataka aondoke salama. Nani mwingine ameuona huo moto? Walton anamuona tu akichukuliwa na mawimbi, barua inaishia hapo. Kwaiyo kabla hujaniletea "kuni zilitoka wapi" kama kosa la Mary Shelley, nioneshe kwanza ukurasa unaosema moto uliwaka.